Kijana Mwenye Kofia

Mwongozaji alipomtaka awaonyeshe jinsi msaliti alivyosimama, mwalimu mstaafu aliomba kwanza maji ya kunywa.

Filamu ilihusu wanafunzi wa chuo waliompinga mtawala wa kijeshi miaka arobaini iliyopita, na mwalimu alikuwa mshauri wa filamu hiyo kwa kuwa alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyewafundisha waigizaji kuzungusha mkono wa mashine ya kuchapia karatasi, na ndiye aliyewapeleka kwa kinyozi waliokuja na mitindo ya siku hizi. Shujaa wa filamu alikuwa rafiki yake, waliyemwita Wino kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Wino alikamatwa katika chumba cha nyuma ya duka la shangazi yake. Hakuonekana tena.

Ndani ya filamu, askari walielekezwa dukani na kijana asiye na jina, aliyevuta kofia hadi kwenye nyusi. Mwongozaji alieleza kwamba hakuna anayejua alikuwa nani hasa, kwa hiyo wamtunge tu.

Mwalimu alimjua. Kila asubuhi alimnyoa ndevu kwenye kioo.

Jumatatu moja ya miaka ile, askari walimnasa kituo cha basi akiwa na karatasi za uchochezi ndani ya soksi. Hakupigwa hata kofi, na hilo ndilo lililomtafuna zaidi. Ofisa alimsomea jina la baba yake na mahali alipofanya kazi, kisha akauliza Wino yuko wapi. Akataja duka. Giza halijaingia, wakamwachia. Kesho yake habari zikaenea kwamba Wino kachukuliwa. Shangazi alikuwa safarini na majirani walifyata midomo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza lini wala vipi.

Tangu hapo akajifanya mtoto wa mama yake Wino. Alimwezekea nyumba mvua zilipong'oa bati, alimsindikiza hospitali, wanawe walikua wakimwita bibi. Mama naye alimwita mwanangu.

Siku hiyo mama alialikwa kutazama wakipiga picha. Waliweka kiti chake kivulini, mtandio ukaangukia mapajani, asiurudishe kichwani. Mwigizaji aliyechukua nafasi yake alimwendea kwa adabu, akamwuliza siku ile alilia namna gani, ili asije akamwigiza vibaya.

"Siku ile sikulia, binti yangu."

Mwongozaji aliandika daftarini: mama jasiri.

Kazi ikaanza. Kijana mwenye kofia akanyoosha kidole, askari wakampita mbio. Alikuwa mwembamba, mabega yamemshuka, na mwalimu alijiona kama aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Alimwendea mama, akamshika mkono, akamwongoza taratibu hadi chumba cha kubadilishia nguo. Akafunga mlango. Kati ya magwanda ya askari yaliyotundikwa, alipiga magoti, magoti yenyewe yakilalamika.

"Mama, yule mwenye kofia ni mimi."

Akayamwaga yote: kituo cha basi, soksi, jina la baba yake, swali moja na jibu moja. Alisema haombi msamaha, maana hajui angeufanyia nini. Alitaka tu mama asije akaketi ukumbini siku ya uzinduzi, bega kwa bega na mtu aliyemwuza mwanawe, akidhani ameketi na mtoto.

Nje, mwongozaji aliwaambia warudie tangu mwanzo.

"Ulitaja saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Na umetembea nalo peke yako miaka yote hii?"

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Mikono ya mama ilikuwa imemshika mabega kwa nguvu. Alidhani ni hasira, akainamisha uso kungoja alichostahili.

"Walikuuliza kitu walichokuwa nacho tayari," mama alisema. "Saa kumi walishakuwa naye tangu asubuhi. Ofisa aliniapia kwamba watamkanya tu, arudi darasani, afanye mitihani yake. Niliwapeleka mwenyewe. Nilibisha hodi mimi, na aliposikia sauti yangu, akafungua."