Kanga za Nyumba ya Khalfani

Kompyuta ilikataa kuhifadhi. Ikaniuliza: nakala mbili zimegongana, nibakize ipi?

Kosa langu. Hapa dukani Kariakoo, maneno ya kanga nayahifadhi kwa jina la mume, na Khalfani ana wake wawili. Mkubwa alikuja asubuhi, kazi yake nikaiacha wazi. Sasa mdogo alikuwa ameketi pembeni yangu.

"Hiyo nyingine ya nani, dada?"

Nilitaka kuigeuza skrini, nikachelewa. Yake ilisema: "Utachungulia mpaka uchoke." Ya mkubwa: "Karibu kwangu, mwenzangu."

Kidole chake chenye hina kikapita juu ya maneno ya mke mwenzake, herufi kwa herufi, kikarudia.

"Futa yangu," akasema. "Hiyo ya bi mkubwa nichapie doti mbili."