Viatu Mlangoni

Eliane alipiga magoti mbele ya mlango wa kanisa la Mennonite, akaanza kutafuta viatu vya mume wake.

Vilikuwa vingi, vimepangwa safu kwa safu barazani: kandambili, sandali za plastiki, viatu vya ngozi vya wazee, raba za vijana wa kwaya. Alishika jozi moja, akaitazama, akairudisha palepale, akashika nyingine. Ndani kulikuwa kimya.

"Polepole, Mama," alisema Aruna, dereva wa pikipiki aliyemleta mbio kutoka Musienene. Alisimama nyuma yake, kofia yake ya Kiislamu mkononi. "Pengine hakukuya."

"Nilimuomba akuye," alisema Eliane. "Jana, kwa simu. Nilimuomba sana."

Desturi hii ya viatu ilitoka India. Pasta Zacharie alikuwa amealikwa kuzuru makanisa ya Mennonite ya huko pamoja na chuo chao cha Biblia, na tangu aliporudi Beni hakuwa na hadithi nyingine. Waumini walishaijua kwa moyo ile chai ya maziwa inayonywewa katika vikombe vidogo kama vya kuchezea. Waliwajua akina mama walioketi upande wao juu ya mikeka, sari zimefunika vichwa. Walikijua chuo, na wanafunzi wake waliosali kwa magoti, kimya kirefu, hadi ukasikia feni ikizunguka. Lakini kilichomliza pasta ni viatu. Kila kanisa alilofika, viatu vilibaki mlangoni, na hakuna aliyegeuka kuvitazama.

"Mutu anavua viatu sababu hana mupango ya kukimbia," aliwaambia Jumapili ya kwanza. "Na mimi nataka batu bangu baabudu vile. Hata saa moja tu kwa juma."

Watu wakavua. Mwanzoni ilikuwa vichekesho vitupu: soksi zenye matundu ziliumbuka, mzee mmoja akaenda nyumbani na viatu vya mke wa shemasi, na Mama Virginie, jirani Mkatoliki, akasema siku hizi hahitaji kengele, harufu inamtosha kujua ibada imeanza. Hata hivyo mjukuu wake alihamia kwaya ya Mennonite kwa kupenda ngoma, na bibi mwenyewe ndiye aliyemnunulia sandali nyekundu, nyepesi za kuvua.

Jéthro, mume wa Eliane, alikataa katakata. Alikuwa mpasua mbao, mtu wa msituni, na alikuwa na jozi moja tu ya buti, ya kulia ikifungwa kwa kamba na ya kushoto kwa waya mwekundu wa redio.

"Usiku tunalala na viatu sababu ya waasi," alisema. "Sasa muchana ndiyo tuvue? Pasta alisahau anaishi wapi?"

Kusema kweli, hata kabla ya India hakuwa mtu wa kanisa. Tangu waoane Eliane alikuwa akimwomba Mungu jambo hilo moja, na baada ya India ombi lake likapata sura: siku moja afike kwenye mlango huu azikute buti zile katikati ya viatu vya wengine. Aliliomba kwa kufunga, kwa machozi, na siku nyingine kwa hasira. Jana, akiwa Musienene kununua maharage, alimpigia simu.

"Kesho uende kusali. Hata mara moja tu. Kama unanipenda."

Jéthro alicheka. "Nitaona. Mais viatu yangu, hapana kuvua."

Asubuhi hii, aliposikia habari za Beni, alimpigia tena; simu ya Jéthro iliita, ikaita tena, isipokelewe. Pasta hakutaka simu zipokelewe ndani ya ibada. Eliane alimwambia Aruna aongeze mwendo.

Sasa alikuwa amefika safu ya mwisho. Mama Virginie alikuwa ameketi ukingoni mwa baraza, sandali nyekundu mapajani, akizipangusa vumbi kwa pindo la kitenge chake. Watu wengine walisimama uani, wakimtazama Eliane. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Aliomba kama alivyoomba miaka yote, ila haraka zaidi. Raba. Kandambili. Raba tena. Kila jozi aliyoirudisha chini, alishusha pumzi.

"Haiko," alisema Aruna, na sauti yake ikawa nyepesi. "Mama, haiko hapa. Hakukuya."

Ndipo alipoziona. Hazikuwa kwenye safu. Zilikuwa pembeni, nyuma ya mlango uliofunguliwa wazi, kama za mtu aliyeona haya kuzichanganya na viatu vya wengine. Zilikuwa zimepakwa rangi zikang'aa, kazi ambayo Jéthro hakuifanya hata siku ya harusi yao. Soksi zilikuwa zimekunjwa ndani. Waya mwekundu ulikuwa umefunguliwa kwa uangalifu, wala haukukatwa.

Alikuwa amekuja. Alikuwa amevua. Eliane alizikumbatia buti kifuani.

"Ni yake," alisema.

Kijana wa Msalaba Mwekundu alitoka ndani ya kanisa, akavuta barakoa chini ya kidevu.

"Pole, Mama. Ingia. Tumebafunika bote na bitenge, mais miguu iko inje. Utamujua kwa miguu."