Labeka

Yakuti alitoka kwa kadhi na hati yake ya uhuru. Akaikunja, akaifunga fundo kwenye pindo la leso, kisha akarudi kulekule alikotumikishwa miaka thelathini, maana chungu chake kilikuwa jikoni na pengine pa kwenda hakupajua.

Mlangoni alimkuta Mize wa nyumba ya pili, aliyeachwa huru wiki iliyopita, kajitanda ushungi hadi puani kama waungwana.

"Karibu, muungwana mwenzangu!" Mize akacheka. "Ila sikiliza, shoga. Kuanzia leo ukiitwa, usiitike labeka kama mtumwa. Ile wanasema mahujaji, wanamwitikia Mola wao."

"Sasa niitike nini?"

Mize akaushusha ushungi kidogo.

"Sijui, mwenzangu. Mimi tangu siku ile sijaitwa na mtu."

Yakuti akaingia jikoni. Hata chungu hajakigusa, sauti ya Bi Thuweba, aliyekuwa akimmiliki, ikashuka kutoka ghorofani.

"Yakuti!"

Neno likampanda lenyewe kooni. Akalimeza. Akiitika, labda hati itageuka karatasi tu. Asipoitika, nani mwingine mjini humu anayelijua jina lake? Akamwomba Mungu amwonyeshe neno jingine, lakini halikuja.

"Yakuti?" Safari hii bibi aliita polepole, kama anayeuliza. "Umerudi, au umeshakwenda?"

Yakuti akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, fundo la leso kalikamata kwa mikono miwili, kinywa ki wazi.