Viatu Vyeusi Mlangoni

Bi Tausi aliiona ile picha kabla jirani zake hawajaifikia, akasimama mbele yake na kutanua mtandio. Haikuzibika. Ilikuwa kubwa kama mlango: viatu vyeusi vya kiume, vimeng'arishwa, vimewekwa barazani kwake. Chini yake binti yake Saumu, mwenye maonyesho, alikuwa ameandika: "Viatu vya baba. Alituhama nikiwa na miaka sita."

"Bandua hayo maandishi," alimnong'oneza. "Mtaa mzima unajua baba yako anafanya kazi usiku, mchana analala."

"Mama, ni miaka ishirini sasa."

"Na kwa miaka yote hiyo hakuna mwizi aliyeruka ukuta wetu."

Mama Chiku, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa ameshafika. Alivaa miwani akasoma taratibu mpaka mwisho.

"Nilijua siku nyingi," Mama Chiku alisema kwa sauti ya chini. "Viatu vya mtu anayetoka na kuingia havikai vilevile kila siku. Ukishakwenda kazini nilikuwa napita kuvigeuza kidogo, wengine wasije wakashtuka."

Bi Tausi akaigeukia picha. Kila asubuhi, baada ya kuvipiga rangi, yeye huvipanga vyote viwili vikiutazama mlango. Hapo ukutani kimoja kilikuwa kimeelekea getini.