Leo Umenipeleka Wapi

Shamimu alikuwa jikoni akichuja supu alipompandisha baba yake mlimani.

"Ni juu sana, baba," alinong'ona kwenye simu, kidole kimebonyeza pa kurekodi. "Barabara imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Huku juu wanalima mawaridi, na baridi yake si ya mchezo. Nimekaa juu ya jiwe nakula komamanga, watu wa bondeni nawaona kama siafu."

Akaituma sauti hiyo Handeni, akarudi kwenye supu.

Mlima wenyewe hakuwahi kuuona. Tangu afike Muscat, dunia yake ilikuwa nyumba moja ya ghorofani, na ndani ya nyumba hiyo, chumba cha bibi kizee asiyeweza kuinuka. Kumwogesha, kumlisha, kumgeuza, kumgeuza tena. Wenye nyumba hawakuwa watu wabaya. Ila bibi hakuwa mtu wa kuachwa peke yake, basi Shamimu naye hakutoka. Uchovu ulikuwa umemwingia mpaka kwenye kucha.

Kilichomshika asianguke ni blogu za wasafiri. Bibi akisinzia, alizisoma kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne: Wajerumani waliolala jangwani, mwanamke wa Nairobi aliyezurura masokoni peke yake. Mwanzoni alisoma kujiliwaza tu. Kisha siku moja baba akamwambia, "Huko uliko kukoje, mwanangu? Hebu nitembeze." Angemwambia nini mzee wa watu? Kwamba anaona ukuta? Akalichukua jangwa la Wajerumani, akampa.

Simu ya shangazi Mwanaidi, aliyekuwa akiishi na baba, kamera yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo walitumiana sauti tu. Shamimu alishukuru.

Baba yake, Mzee Ukasha, naye hakuwa mtu wa kupokea bila kurudisha. "Leo mimi nilikuwa Segera," alikuwa akisema. "Machungwa yamejaa pale njia panda, wanayasukuma mpaka madirishani mwa mabasi." Mara nyingine Ngombezi, kutazama mkonge ukikatwa. Mara Korogwe sokoni. Sauti yake ilikuja nzito, ya mtu aliyetoka mbali.

"Pumzika basi, baba. Utaanguka njiani."

Jibu lilitoka kwa shangazi, nalo lilichelewa kidogo. "Mwache mzee atembee, mwanangu. Ndiyo raha yake."

Shamimu alimwonea baba kijicho. Mzee wa mvi ana dunia nzima, yeye kijana ana dirisha.

Siku moja baba aliuliza, "Huyo bibi yako, mgongo haujachubuka kwa kulala? Mnamfanyaje?"

"Kumgeuza kila mara, baba, na kumpaka mafuta ya nazi."

"Mafuta ya nazi," mzee alirudia polepole, kama anayemwambia mtu mwingine.

Baba ana huruma, Shamimu aliwaza. Hata kwa mtu asiyemjua.

Kisha bibi akafariki. Watoto wake walimlilia, wakamshukuru Shamimu, wakamkatia tiketi. Nyumbani hakumwambia mtu. Alitaka kuwashtukiza, lakini ndani ya basi la kutoka Dar moyo ukaanza kumsuta. Baba atataka kusikia tena habari za mlima, safari hii ana kwa ana, na macho ya Shamimu hayajui kudanganya. Walipoipita Mkata alikuwa ameshaamua: Baba, nisamehe. Sikwenda popote. Nilikuwa ndani siku zote.

Alifika alasiri. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu. Kabla hajabisha, alisikia sauti ya baba kutoka dirisha la chumbani, na nyingine aliyoitambua, ya Iddy, jirani yao, konda wa basi la Korogwe.

"Taratibu, Iddy. Dindira umefika mwenyewe?"

"Jana, mzee. Tulikodiwa na watu wa harusi. Chai imefunikwa na ukungu, wachumaji huwaoni. Unasikia tu wanaimba."

"Ahaa! Hiyo Shamimu ataipenda. Na mimi nilikaa wapi?"

"Sema ulikaa mbele, na dereva."

Shamimu alilisogelea dirisha, akasogeza pazia kwa ncha ya kidole. Baba yake alikuwa amelala kitandani, uso umeelekea ukutani, miguu imekonda kama fimbo. Shangazi Mwanaidi alikuwa ameinama juu yake, kamshika bega.

"Iddy, shika miguu tumgeuze kwanza," alisema shangazi. "Halafu ataendelea na safari."