Alama ya Utomvu

"Mnamuua mama yangu!" Theopista alimfokea nesi, wodi nzima ikageuka. "Kashuka kutoka Marangu anaongea vizuri, kapungukiwa damu tu. Mmemtundikia damu, sasa ona!"

Mama alikuwa ameketi kitandani akihema kama anayezama, povu la damudamu likimtoka mdomoni.

Nesi alikuwa ameshamvalisha oksijeni na kuagiza daktari aitwe. Akaushika mpira wa damu, akakizungusha kigurudumu cheupe cha kurekebishia kasi ya damu hadi matone yakakoma.

"Niliiacha iende polepole," alisema. "Moyo wake umechoka, hauwezi kupokea mfuko mzima kwa mkupuo. Nani kaifungulia hivi?"

Kwenye kigurudumu palikuwa na alama nyeusi ya kidole, ya utomvu wa ndizi.

Asubuhi ile Theopista alikuwa amemenya ndizi za mtori wa mgonjwa. Yale matone yalivyojivuta yalimtia hasira, na nesi alipotoka tu, alikisukuma kigurudumu mpaka mwisho kwa kidole gumba.

Sasa alikikunja kidole hicho ndani ya ngumi, akapaza sauti zaidi.

"Usinigeuzie kibao! Niitie mkubwa wako!"