Sindano ya Fundi

"Vidonge vya kuua virusi paka wako anavitapika, mama," alisema daktari wa mifugo. "Imebaki sindano, utamchoma mwenyewe nyumbani kila siku kwa miezi mitatu. Dawa yake inaunguza. Huenda akapona, lakini akakukimbia maisha yake yote."

Fundi cherehani alimtazama Kibonge, paka wa marehemu mumewe. Jina lilikuwa bado nene. Mwenyewe kabaki ngozi na mifupa. Tangu msiba, hakuna mwingine anayempokea fundi mlangoni.

"Nionyeshe pa kuchoma."

Miaka thelathini ameshika sindano, lakini ya kushonea nguo. Aliikusanya ngozi ya shingo kwa vidole viwili, kama anayekunja pindo.

"Haya mama, choma."

Kibonge akadhani anabembelezwa. Akafumba macho, akaanza kukoroma kwa raha.